Nyuzi za Mchikichi Mbele ya Leza: Kuisikia Sauti Ndogo ya Selulosi

Ndugu walimu wa sayansi, wanafunzi, wasindikaji wa mawese mliozima mashine asubuhi hii ili mfike hapa Kigoma mjini, na wageni wote: wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Kila anayekamua mawese anayajua makapi. Chikichi zikishachemshwa, zikapondwa na kukamuliwa, hubaki mise, yaani kokwa za chikichi, pamoja na nyuzi nyekundu zenye mafutamafuta. Mise ina soko lake. Nyuzi zinarudi kwenye tanuri kuchemsha chikichi nyingine, na nyuma ya mashine kuna mikungu mitupu inayooza kwenye mvua. Nyuzi hizo zote zimejengwa kwa selulosi, ile ile iliyomo kwenye pamba ya Igunga na Nzega, kwenye katani ya Tanga na kwenye karatasi ya daftari. Nimeombwa nieleze namna ya kuichunguza selulosi hiyo kwa mwanga wa leza, kwa njia iitwayo spektroskopia ya Raman. Nitaeleza, lakini nawaomba mapema mnivumilie: sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu yanayofanyika kabla leza haijawashwa, kwa sababu huko ndiko vipimo vingi huharibikia, na huko ndiko sisi wa Kigoma tunakoweza kufanya kazi ya kiwango cha juu hata kabla hatujawa na mashine yetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Selulosi ni mnyororo wa glukosi. Glukosi moja hushikamana na inayofuata kupitia atomi ya oksijeni, na kila moja imegeuzwa digrii 180 ikilinganishwa na jirani yake, hivyo muundo hujirudia kila baada ya nanomita 1.03. Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838. Katika pamba mnyororo mmoja unaweza kuzidi glukosi 10,000. Minyororo hulala sambamba, ikashikana kwa vifungo vya haidrojeni, ikafanya kinyuzi chembamba sana chenye upana wa takribani nanomita 3 katika miti. Ndani ya kinyuzi hicho kuna sehemu zilizopangika kwa utaratibu mkali, hizo ndizo fuwele, na kuna sehemu zilizolegea zisizo na mpangilio. Uwiano wa sehemu hizi mbili ndio unaoamua mambo ambayo fundi hukutana nayo mkononi: uzi utabeba uzito gani, utanyonya maji kiasi gani, rangi itaingia au itakataa, na kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi ya kutengenezea sabuni, itaumeza haraka au polepole.

Halafu kuna suala la aina. Selulosi ya asili tunaiita selulosi ya kwanza. Mwaka 1984 Atalla na VanderHart walionyesha kwamba hata hiyo ya kwanza ni mchanganyiko wa sura mbili, alfa na beta, na mimea mikubwa kama pamba na miti ina beta nyingi zaidi. Ukiiloweka selulosi katika kostiki kali, au ukiiyeyusha na kuivuta upya kuwa uzi kama wanavyofanya viwanda vya rayoni, minyororo hujipanga kwa namna nyingine. Hiyo ni selulosi ya pili, na haiwezi kurudi kuwa ya kwanza.

Sasa mwanga. Tarehe 28 Februari 1928, huko Calcutta, C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan walithibitisha kwamba mwanga ukipiga molekuli, sehemu ndogo mno yake hutoka ikiwa na rangi tofauti na ile iliyoingia. Mwanga mwingi hurudi vilevile ulivyokwenda. Ila chembe moja hivi katika milioni kumi huacha kiasi kidogo cha nishati yake ndani ya molekuli, kifungo fulani kikatikisika, na mwanga ukatoka umepungua kwa kiasi kilekile kifungo kilichochukua. Kifungo cha kaboni na oksijeni huchukua kiasi chake, cha kaboni na haidrojeni chake. Ukipanga upungufu wote kwenye grafu unapata vilele, na kila kilele kina mwenyewe. Raman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Upungufu huo hupimwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Nitataja namba tupu: nikisema 1095, maana yake mawimbi 1095 kwa sentimita. Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Chukua leza ya nanomita 785. Gawanya 10,000,000 kwa 785, unapata 12,739. Toa 1095, zinabaki 11,644. Gawanya tena 10,000,000 kwa namba hiyo, unapata karibu 858.8. Kwa hiyo kilele cha selulosi cha 1095 kitatokea kwenye mwanga wa nanomita 858.8, usioonekana kwa macho. Nawasihi walimu muifanyishe hesabu hii ubaoni, kwa sababu inaeleza jambo ambalo huwachanganya wengi kwenye matokeo. Vilele vya kaboni na haidrojeni viko karibu na 2900. Kwa leza hiyohiyo vinaangukia nanomita 1016, mahali ambapo kitambuzi cha silikoni kinakaribia kipofu. Mtu huona vilele hivyo vimefifia, akaandika kwamba kemikali imeviondoa. Kumbe vipo, jicho la mashine ndilo lililoshindwa.

Vilele vya selulosi vya kukariri si vingi. Kile cha 380 hutoka kwenye fuwele. 897 huongezeka pale mpangilio unapolegea. 1095 na 1120 ni vya mnyororo wenyewe, ile mifupa ya kaboni na oksijeni inayounganisha glukosi na glukosi. 1462 na 1481 ni vya kundi la kaboni lenye haidrojeni mbili, navyo hubadilishana nguvu kulingana na ufuwele. Karibu na 2897 ni kaboni na haidrojeni. Selulosi ya pili hujitambulisha kwa kilele cha 577, huku 380 ikishuka. Lignini, ile gundi ya kahawia ya miti, haina haja ya kutafutwa: kilele chake cha 1600 hujitokeza chenyewe. Hata kitenge cha sokoni kinaweza kuhojiwa kwa ramani hii. Kikiwa pamba halisi kitaonyesha selulosi ya kwanza, kikiwa rayoni ya pili, na kikichanganywa na poliesta utaona 1615 na 1726 ambazo selulosi haina.

Ugumu wa kazi yetu ni huu: selulosi ina sauti ndogo. Mwanga wake wa Raman ni hafifu, na ndani ya uzi wa mchikichi imekaa na majirani wenye kelele. Mtafiti anayetaka kuisikia hana budi kuwanyamazisha majirani kwanza, bila kuidhuru yenyewe.

Jirani wa kwanza ni fahari yetu wenyewe, ule wekundu wa mawese. Mawese mabichi yana karotini kati ya miligramu 500 na 700 kwa kila kilo. Karotini inapenda kunyonya mwanga wa buluu na kijani, na leza iliyozoeleka sana maabara ni ya kijani ya nanomita 532. Mwanga unaokaribia rangi ambayo molekuli inanyonya huifanya ipige kelele ya Raman maelfu ya mara kuliko kawaida. Kwa hiyo ukiweka uzi wa makapi, hata uliosuuzwa, chini ya leza ya kijani, utapata vilele vitatu vikubwa na vizuri ajabu: karibu na 1005, 1157 na 1525. Hakuna hata kimoja cha selulosi. Hatari kubwa iko kwenye 1157, kwa sababu selulosi nayo ina kilele kidogo jirani na 1150, na mwenye haraka atasherehekea. Kipimo cha kujihakiki ni rahisi: selulosi haina kitu 1525. Ukiona 1525, ujue unasoma mafuta ya kupikia.

Mafuta yenyewe, hata karotini ikishafifia, yana alama zake: 1301, 1440, 1655 na 1745. Nyuzi zikianikwa juani siku kadhaa wekundu hupotea na watu hudhani zimesafika. Jua limeunguza karotini tu, mafuta yamebaki pale pale, na tena lignini imeanza kugeuka manjano. Kile cha 1655 nacho kina mtego, maana lignini ina kilele mahali hapohapo. Tazama 1745. Kikiwepo, osha tena.

Kuosha kwenyewe kunafanyika hivi. Chukua gramu 5 za nyuzi, zichambue kwa mkono, toa vipande vya maganda na punje za mise. Zikate kwa mkasi vipande vya milimita 5 hadi 10. Ziloweke kwenye mililita 100 za heksani, au asetoni kama heksani haipatikani, kwa muda wa saa moja huku ukitikisa mara kwa mara, kisha mwaga na uweke nyingine. Rudia hadi kimiminika kitoke kikiwa safi kama maji. Kwa makapi ya kukamua kwa mkono mara tatu hazitoshi, tegemea tano au sita. Kama kuna kifaa cha Soxhlet, kinachoosha sampuli mfululizo kwa kimiminika kilekile, saa sita zinatosha na hutumii dawa nyingi. Vimiminika hivi vinashika moto upesi sana: pasiwe na jiko la mkaa wala la gesi jirani, na madirisha yawe wazi. Asetoni ya dukani ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina manukato, rangi na mafuta, utakuwa unaongeza unachoondoa. Petroli pia haifai kabisa kwa sababu hiyohiyo.

Sabuni ya unga nayo muiache. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo kazi yake ni kumeza mwanga usioonekana na kutoa wa buluu. Inaganda kwenye selulosi kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa. Mbele ya leza inaweza kuleta mng'ao unaozamisha kila kitu. Karatasi nyeupe ya ofisini ina kemikali ya jamii hiyo.

Na maji. Hapa Kigoma maji ya bomba ni ya ziwa, na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, tena yana magnesiamu ya kutosha. Vitabu vya maabara vitakuambia suuza hadi maji yawe na pH 7. Kwa maji yetu hutafika 7 hata ukisuuza hadi jioni, na kama ulitumia sabuni ya kawaida, magnesiamu itaiganda kuwa utando mweupe juu ya uzi. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji yaliyokenekwa, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo safi baada ya mvua kuwa imenyesha robo saa na kuosha bati.

Jirani wa pili ni lignini, na huyu si wa kuosha kwa asetoni. Kero yake si kile kilele cha 1600, ambacho kina habari muhimu. Kero ni mng'ao, kitaalamu floresensi: leza ikimpiga, anatoa mwanga mpana unaofunika grafu yote kama ukungu wa asubuhi unavyofunika ziwa, na vilele vya selulosi vinabaki kama vichwa vya mitumbwi. Pamba karibu haina lignini, ndiyo maana kila anayeanza aanze na pamba. Katani inayo kiasi. Nyuzi za mchikichi zinayo nyingi, mara nyingi karibu na sehemu moja ya tano ya uzito, na za nazi zinazidi hapo.

Njia ya kwanza ya kupambana nayo ni kuchagua leza. Kadiri wimbi linavyorefuka, ndivyo floresensi inavyopungua. Lakini kuna gharama, kwani nguvu ya mwanga wa Raman hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Ukitoka 532 kwenda 785 unapoteza karibu mara tano. Ukienda leza ya nanomita 1064 unapoteza mara 16, na unahitaji kitambuzi cha aina nyingine. Pamoja na hasara hiyo, kwa nyuzi zenye lignini ambazo hazijapaushwa mimi nasimama na 1064 bila kusita. Mwanga hafifu juu ya sakafu safi una faida kuliko mwanga mwingi uliozama ukunguni. Mwenye 785 pekee asikate tamaa: aache leza ipige sehemu moja dakika 5 hadi 10 kabla ya kurekodi, na sehemu ya floresensi itachoka na kushuka.

Njia ya pili ni kemikali. Kwa shule, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ikiongezewa kostiki kidogokidogo hadi pH ifike 11.5, kwenye joto la nyuzijoto 60 kwa saa moja au mbili, hupausha nyuzi na kupunguza mng'ao ingawa lignini yenyewe hubaki kwa sehemu kubwa. Kuiondoa hasa hufanywa kwa sodiamu kloraiti na asidi ya asetiki kwenye nyuzijoto 70 hadi 80, kwa kuongeza dozi mpya kila saa, mara nne hivi. Njia hiyo hutoa gesi ya sumu. Ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa la maabara, na shule isiyo na kabati hilo isiijaribu. Wala asitokee mtu akatumia dawa ya kupaushia nguo kama mbadala: hiyo hukata minyororo ya selulosi, na utakuwa unapima majeruhi.

Sasa uzi ni safi na mkavu. Unauweka juu ya nini? Kioo cha kawaida cha hadubini, kwa leza ya 785, hutoa kilima kipana karibu na 1400 ambacho kinaingia katikati ya vilele vya selulosi. Dawa yake haigharimu: zungushia kioo hicho karatasi ya alumini ya jikoni, upande unaong'aa juu, ukiilainisha kwa kidole kilichovaa glavu. Bandika ncha mbili za uzi kwa gundi ya utepe, milimita 10 kutoka mahali utakapopima, maana gundi nayo ina vilele vyake. Kipande cha silikoni ni cha kurekebishia mashine, kilele chake kiwe 520.5 kila asubuhi kabla ya kazi. Usikitumie kama kitanda cha uzi, kwa sababu selulosi pia ina kilele jirani na 520 na kitamezwa.

Kisha nguvu ya leza, na hapa naomba tukae kidogo. Miliwati 10 zinasikika kama si kitu. Lakini lenzi ya hadubini yenye uwazi wa 0.75 huikusanya leza ya 785 kwenye doa lenye kipenyo cha mikromita 1.3 hivi, dogo mara kumi kuliko upana wa uzi wa pamba. Ukigawa nguvu kwa eneo, doa hilo lina mwanga mkali zaidi ya mara milioni saba kuliko jua la saa sita mchana. Pamba nyeupe huvumilia kwa sababu hainyonyi mwanga huo. Uzi wa kahawia hunyonya, ukapata joto, ukaungua. Dalili ni vilima viwili vipana, karibu na 1350 na 1590, ambavyo ni kaboni ya mkaa. Kwenye hadubini utaona kitobo cheusi. Kwa nyuzi zenye rangi anza na miliwati 1, panda polepole, na baada ya kila kipimo rudi utazame doa. Kama mwanga hautoshi, ongeza muda, usiongeze nguvu: sekunde 10 mara 12 ni mwanzo mzuri. Kurudia huko kuna faida nyingine, miale ya angani ikipiga kitambuzi huchora mwiba mwembamba mrefu, na kwa kuwa hauji mara mbili mahali pamoja, programu inaulinganisha na kuufuta. Na macho: mwanga wa 785 hauonekani vizuri na wa 1064 hauonekani kabisa, ila vyote vinapofua. Miwani ya leza husika ivaliwe.

Faida moja ya Raman ambayo haisemwi vya kutosha ni kwamba maji hayaisumbui sana. Kwenye infraredi, njia nyingine ya kuchunguza molekuli kwa mwanga, uzi wenye unyevu ni balaa. Kwenye Raman unaweza kupima uzi ukiwa umelowa, ukaona unavyojipanga unapokauka. Kwa watu wanaoishughulikia mikungu iliyolala kwenye mvua, hilo lina thamani.

Mwelekeo wa uzi ni mtego uliowanasa hata wenye uzoefu. Mwanga wa leza hutikisika upande mmoja. Mnyororo wa selulosi ukilala sambamba na mtikisiko huo, kilele cha 1095 hukua. Ukikaa msalaba, hupungua sana. Kwa hiyo uzi uleule, ukiuzungusha digrii 90 mezani, hutoa grafu nyingine. Mwenye kujua hulitumia: anazungusha uzi kwa hatua za digrii 10 na kupata pembe ambayo vinyuzi vinajizungusha nayo ndani ya ukuta wa seli. Kwenye pamba ni digrii 20 hadi 30, kwenye kitani karibu 10, kwenye nazi huzidi 40, na ndiyo maana kamba ya nazi hunyumbuka mahali ambapo ya kitani ingekatika. Uzi ukivutwa, kilele hicho cha 1095 husogea kuelekea namba ndogo, kwa kuwa mifupa ya mnyororo imebeba mzigo. Huo ni ushahidi kwamba nguvu imefika hadi kwenye molekuli.

Asiyejua hupata namba za uongo za ufuwele. Njia inayotumika sana, iliyotolewa na Agarwal na wenzake mwaka 2010, inagawanya urefu wa kilele cha 380 kwa cha 1096, kisha inatoa 0.0286 na kugawa kwa 0.0065. Ukipata uwiano wa 0.40, jibu ni asilimia 57. Hesabu ni nyepesi mno, na wepesi wake ndio hatari. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa vipimo vya leza ya 1064. Ukiwa na leza na kitambuzi kingine, pima kwanza sampuli zako za rejea ujue mashine yako inasomaje. Mwelekeo wa uzi ukibadilika, 1096 hubadilika na jibu hukimbia nalo, kwa hiyo kata nyuzi fupifupi, zichanganye na zigandamize kuwa kidonge ili mielekeo yote iwemo. Usizisage kwenye kinu cha gololi kwa saa nyingi, kwa sababu kinu hicho huvunja fuwele zenyewe. Na hemiselulosi, ndugu ya selulosi yenye minyororo mifupi isiyo na fuwele, ikiwa bado imo, inaongeza mwanga kwenye 1096 bila kuongeza 380, jibu likashuka. Ndiyo maana namba ya uzi wa mchikichi uliooshwa tu hailingani na ya pamba, na kuziweka kwenye jedwali moja bila maelezo ni kumpotosha msomaji.

Pima nyuzi 10, kila moja mahali 5, andika wastani na mtawanyiko wake. Mmea si bomba la kiwandani.

Nimalizie na jaribio tutakalolifanya hapa mezani, ambalo watengeneza sabuni mtalielewa upesi kuliko maprofesa. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer alianza kuipitisha pamba kwenye kostiki kali, akapata hataza mwaka 1850. Tunapima gramu 82 za maji na gramu 18 za kostiki. Kostiki inamiminwa kidogokidogo kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au kioo cha maabara. Sufuria ya alumini italiwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Subiri mchanganyiko upoe kabisa, kwa sababu ukiwa moto pamba huvimba kidogo. Gramu 1 ya pamba iliyosafishwa, mililita 50 za mchanganyiko, dakika 30, pamba ikiwa imelegea. Ukiivuta na kuibana, mabadiliko hayakamiliki. Kisha suuza, tia kwenye siki nyeupe ya asilimia 5 iliyochanganywa na maji mara nne ya ujazo wake, suuza tena kwa maji ya mvua, anika kivulini.

Kwenye hadubini ya shule, lenzi ya mara 40, pamba ya awali inaonekana kama utepe bapa uliosokotwa. Iliyopita kwenye kostiki imejaa, imekuwa ya mviringo, misokoto imefunguka. Hayo mnaweza kuyaona leo bila leza yoyote. Leza itakayoona sampuli hizohizo baadaye itasema kilichotokea ndani: 380 imeshuka, 577 imezaliwa, 897 imepanda. Tumeandaa pia bakuli la asilimia 5, ambapo pamba hubaki selulosi ya kwanza, ili mwanafunzi aone kwamba kostiki kidogo husafisha na kostiki kali hujenga upya.

Sampuli za kwenda maabara za nje zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kwani polietilini ina vilele vya 1063, 1130, 1296 na 1440 na vumbi lake hushika. Zisiwekwe kwenye bahasha pia, sababu bahasha yenyewe ni selulosi, na uzi mmoja wa karatasi ukiingia hakuna atakayeutofautisha na wenu. Kichupa cha kioo chenye kifuniko, au karatasi ya alumini iliyokunjwa mara mbili. Kila tarishi abebe vitu vinne pamoja: uzi mbichi, uzi uliooshwa, uzi uliopaushwa au kupitishwa kwenye kostiki, na kipande cha alumini tupu kutoka kwenye roli ileile. Juu ya kila kimoja iandikwe aina ya mchikichi, ikiwa ni dura wa kienyeji au tenera, ile chotara, tarehe ya kukamua, maji yaliyosuuzia, na dawa zilizotumika kwa gramu na kwa dakika.

Glavu na miwani ya kinga viko kwenye boksi karibu na mlango. Kundi la kwanza ni walimu, kisha watengeneza sabuni. Kostiki imeshapoa.